Hatamu Ilegezwe Lini? Historia ya Kumfunza Farasi kwa Upole

Kutoka nyika za Volga hadi Athens

Upole ulianza kwa farasi mwenyewe kabla haujafika kwa mwanadamu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba farasi wa kufugwa tulio nao leo wanatokana na kundi lililoishi katika nyika za mito Volga na Don, ambalo tangu mwaka 2200 K.K. hivi lilienea na kuchukua nafasi ya farasi wengine wa Ulaya na Asia. Katika vinasaba vyao kuna sehemu mbili zenye dalili za kuchaguliwa na wafugaji: moja inahusishwa na uimara wa mgongo, nyingine na kupungua kwa woga. Wafugaji wale hawakujua lolote juu ya vinasaba. Walimzalisha aliyebeba mtu bila kuumia na asiyepagawa haraka, na mengine yakafuata.

Pamoja na hayo, farasi hakuacha kuwa mnyama anayewindwa. Macho yake yako kando ya kichwa ili aone karibu pande zote, na jibu lake la kwanza kwa kitu asichokielewa ni kukimbia. Akizuiwa ndipo hupiga teke, huuma au husimama wima kwa miguu ya nyuma. Kwa hiyo anayetaka kumpanda au kumfunga gari anakabiliwa na kilo 400 au 500 za mnyama ambaye akishtuka hufikiri kwa miguu. Vizazi vya wafunzaji vimeijibu shida hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumfanya ashindwe kukimbia, kwa kamba, kwa uchovu au kwa maumivu. Ya pili ni kumfundisha kwamba kila shinikizo lina mlango, na kwamba anayeufungua ni yeye mwenyewe kwa kufanya analotakiwa: akisogea, mguu wa mpandaji unaacha kumbana; akisimama, hatamu inalegezwa papo hapo. Hoja yangu ni kwamba njia hii ya pili haikugunduliwa juzi na wapenda wanyama. Inajulikana kwa zaidi ya miaka 2,300, imepotea na kupatikana tena mara kadhaa, na kila ilipopotea sababu kubwa ilikuwa haraka, si uovu wa moyo.

Majeshi yalimfunga farasi kwenye gari la vita muda mrefu kabla ya kumtegemea mgongoni. Katika karne ya 14 K.K., Kikkuli, mfunzaji kutoka Mitanni, aliacha maagizo kwenye vibao vya udongo vilivyokuja kufukuliwa Hattusa, mji mkuu wa Wahiti katika Uturuki ya leo. Ni ratiba ya miezi: mbio zinazoongezwa kidogo kidogo, kuoga, kufunikwa blanketi, shayiri, mapumziko. Hakuna neno la huruma humo, wala hakuna haja ya kulitafuta. Waliopanda gari la vita walikabidhi uhai wao kwa farasi wawili, na farasi aliyekurupushwa mazoezini angewaua wenyewe kabla adui hajawafikia. Subira ya Kikkuli ilikuwa hesabu ya usalama.

Mwandishi wa kwanza ambaye kitabu chake kizima cha upandaji kimetufikia ni Xenophon wa Athens, askari yuleyule aliyesaidia kuwarudisha Wagiriki Elfu Kumi kutoka Uajemi baada ya mwaka 401 K.K. Anamtaka mwenye farasi ampeleke mnyama mchanga kwa mfunzaji na waandikishane kabisa mnyama atakuwa amejifunza nini atakaporudi. Kabla ya hapo, mtunzaji ahakikishe kwamba njaa, kiu na nzi humpata farasi akiwa peke yake, na kwamba chakula, maji na nafuu humfikia kwa mkono wa mtu. Apitishwe penye umati na makelele. Akiogopa kitu asipigwe, maana kipigo kitamthibitishia kwamba kitu kile kweli ni cha kuogopwa. Akitii, apewe nafuu. Xenophon hakuwa malaika: alishauri mpandaji awe na lijamu mbili, moja laini na moja yenye miiba, ili ile laini ije ionekane nafuu. Ila hata katika ukali huo, kanuni ni ileile ya kufundisha kwa nafuu.

Kwa nini Athens? Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata huko vibao vya risasi vilivyoandikwa mwenye farasi, rangi yake, chapa yake na bei yake, na bei hizo zinafika drakma 1,200. Ujira wa fundi wakati huo ulikuwa drakma moja hadi mbili na nusu kwa siku. Mali ya thamani hiyo haiharibiwi kwa hasira ya asubuhi moja.

Baghdad, Napoli, Paris

Elimu hii ilihamia palipokuwa na farasi bora na watawala wa kuwagharimia. Mwishoni mwa karne ya 9, Ibn Akhi Hizam, aliyehudumia mazizi ya khalifa al-Mu'tadid wa Baghdad, aliandika juu ya farasi, upandaji na matibabu yake, na elimu hiyo ya furusiya ikaendelezwa na Wamamluki wa Misri na Sham. Alitaka mwanafunzi aanze kupanda bila tandiko. Sharti hilo linaonekana kumlenga mtu tu, lakini linamfaa farasi pia: ambaye mizani yake iko kwenye mapaja hana haja ya kujishikilia kwa mdomo wa mnyama.

Ulaya ilichukua njia nyingine kwa muda. Mwaka 1550, Federico Grisone, bwana mmoja wa Napoli, alichapisha kitabu kilichotafsiriwa haraka katika lugha kadhaa na kuwa mwongozo wa mabwana wa bara zima. Ndani yake mna mambo ya kutisha: farasi anayegoma kwenda mbele achomewe nyasi nyuma yake, au asogezewe paka hai aliyefungwa kwenye mti, au awekewe kalunguyeye chini ya mkia. Ni rahisi kumcheka Grisone, na si haki. Alikuwa akimwandaa mnyama wa kubeba mtu mwenye silaha katikati ya baruti na mikuki, na kwake farasi anayekataa alikuwa muasi, si mwanafunzi asiyeelewa somo. Hapo ndipo penye kosa. Ukimwona mnyama kuwa muasi, kila anaposhindwa kukuelewa utaongeza adhabu, naye kila unapoongeza adhabu atazidi kushindwa kukuelewa.

Geuzo lilitoka Napoli hapo hapo. Antoine de Pluvinel, kijana wa Kifaransa, alisoma huko kwa Giovanni Battista Pignatelli, akarudi kwao na mwaka 1594 akafungua chuo cha mabwana mjini Paris. Baadaye alimfundisha kupanda Mfalme Louis XIII, na kitabu chake, kilichotoka mwaka 1623, miaka mitatu baada ya kifo chake, kimeandikwa kama mazungumzo na mfalme huyo. Pluvinel alisema bayana kwamba kinachofanyiwa kazi ni akili ya farasi kabla ya miguu yake. Alimfunga kwenye nguzo moja au baina ya mbili ili ajifunze kujipinda na kukusanya mwili kabla ya kutwishwa uzito wa mtu. Adhabu iwe haba, sifa itolewe mara moja. Mwaka 1733 François Robichon de La Guérinière alikamilisha *École de Cavalerie*, kitabu ambacho Shule ya Kihispania ya Upandaji ya Vienna bado inakihesabu kuwa msingi wake. Miongoni mwa mafundisho yake ni kuushusha mkono mara farasi anapobeba mwili wake vizuri, yaani kumwachia kama malipo ya kazi. Xenophon angemwelewa bila mkalimani.

Mtu anaweza kupinga kwamba upole wa Paris na Vienna ulikuwa anasa ya ikulu. Farasi wa Vienna hufunzwa kwa miaka sita hivi. Mkulima au mchukuzi ataipata wapi miaka sita? Pingamizi hili ni la kweli, na linaiimarisha hoja badala ya kuibomoa. Upole ulikaa ikulu kwa sababu ikulu ndiyo iliyokuwa na muda. Swali lililobaki ni kama unaweza kuishi mtaani.

Mmarekani wa Windsor, 1858

Mtaa wenyewe ulikuwa London ya karne ya 19. Farasi walivuta mabasi, teksi, makaa ya mawe, pombe, maiti. Mmoja akidondoka barabarani alinunuliwa mwingine, na methali yetu ya punda afe mzigo wa bwana ufike ingeweza kuandikwa juu ya mlango wa kila banda. Bunge lilipitisha sheria ya kwanza dhidi ya ukatili kwa mifugo mwaka 1822, na chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kikaundwa mwaka 1824. Lakini sheria hukataza tu. Haimfundishi dereva wa gari afanye nini farasi wake anapogoma njia panda.

Katika pengo hilo akaingia John Solomon Rarey, mkulima kijana kutoka Groveport, Ohio, aliyezaliwa mwaka 1827. Baada ya kuchapisha kijitabu chake mwaka 1856 alivuka bahari, na mapema mwaka 1858 alikuwa Windsor akionyesha ufundi wake mbele ya Malkia Victoria. Mwaka huohuo alipewa Cruiser, farasi dume wa mashindano wa Lord Dorchester, aliyekuwa amefungwa kifungo cha chuma mdomoni kwa kuwa aliuma watu. Baada ya saa chache farasi huyo alishikika, na Rarey akaja naye London. Mabwana na mabibi walilipa gini 10 kila mmoja na kula kiapo cha kutotoa siri. Siri yenyewe ilikuwa tayari ndani ya kile kijitabu, na toleo la bei nafuu lilipotoka London kiapo kikakosa maana.

Rarey alimkaribia farasi polepole na kumpapasa, kisha akaukunja mguu mmoja wa mbele na kuufunga kwa mkanda. Mkanda wa pili uliuchukua mguu mwingine. Farasi aliruka, akapiga magoti, akatoka jasho, na hatimaye akalala. Rarey hakumpiga hata mara moja. Alimpapasa mwili mzima, akaketi kati ya miguu yake ya nyuma, akafungua mwavuli juu yake, akapiga ngoma. Alipomwacha ainuke, mnyama alimfuata.

Je, huo ulikuwa upole? Walioutazama walisema ndiyo, kwa sababu hawakuona fimbo wala damu. Kwa tunayoyajua leo, jibu linapaswa kugawanywa. Sehemu ya kumwonyesha kitu, kumwacha akinuse, kumpa muda wa kuzoea, ilikuwa upole halisi, na Rarey alisisitiza kwamba farasi mkali kwa kawaida ni farasi mwoga. Lakini mikanda ilifanya kazi nyingine. Mnyama anayepigana hadi nguvu zikaisha na kugundua kwamba lolote afanyalo halibadilishi kitu hukata tamaa, na anayekata tamaa hutulia. Kutulia huko kunafanana sana na utii. Hapa ndipo watu wengi, hata leo, wanapodanganyika, kwa kudhani kwamba farasi asiyejitikisa ni farasi asiyeogopa. Tena tuone Rarey alikuwa akiuza nini. Kilichouzwa gini 10 ni kasi, kwa kuwa Pluvinel alihitaji miaka na yeye alihitaji mchana mmoja.

Huko London alimlaza hata pundamilia, na kisa hicho kina ndugu yake kwetu. Katika Nairobi ya mwanzo wa karne ya 20, Rosendo Ribeiro, daktari mwenye asili ya Goa, alikwenda kwa wagonjwa wake akiwa juu ya pundamilia. Haikuwa mbwembwe tu. Nagana inayoenezwa na mbung'o, pamoja na ugonjwa wa farasi unaoletwa na visubi, viliua farasi wengi wa wageni Afrika Mashariki, na ndiyo sababu wasomaji wengi wa makala hii wamekua wakiwajua punda kuliko farasi. Majaribio ya pundamilia hayakufika mbali. Mnyama mmoja mmoja alifundishika, lakini hakuwa na nyuma yake miaka elfu kadhaa ya kuchaguliwa kwa utulivu. Hata mkono mwema una mpaka wake.

Kwa upande wa magari, mabadiliko yalisukumwa zaidi na riwaya. *Black Beauty* ya Anna Sewell, iliyotoka mwaka 1877, iliishambulia hatamu ya kuinulia kichwa, mkanda uliomlazimisha farasi kubeba shingo juu kwa ajili ya pozi la wenye gari huku akishindwa kuegemeza uzito mlimani. Hoja yake ilikuwa ya hisia, ila ilikuwa na fizikia sahihi. Kisha Jesse Beery wa Pleasant Hill, Ohio, alianza kuwauzia wakulima masomo ya kufunza farasi kwa posta. Wakati huo wafunzaji makini walikwisha kuelewa kwamba gari ni mtihani mgumu kuliko tandiko. Mpandaji akiona hatari anaweza kuruka, lakini gari limefungwa kwenye farasi, nalo humfuata na kelele zake kila anapokimbia, likizidi kumtisha. Ndiyo maana ngazi zilipangwa na bado zinafuatwa: farasi azoee mikanda mwilini, aongozwe kwa hatamu ndefu na mtu anayetembea nyuma yake, ajifunze kwenda, kusimama na kugeuka kabla hajaona gurudumu, asikie kitu kikiburutwa kando yake, kisha akiburute yeye mwenyewe, na mwisho kabisa aingizwe kati ya miti ya gari, akiwa na msaidizi kichwani. Kuruka ngazi moja hapa kunaweza kugharimu mtu maisha.

Jicho la Hans

Mwaka 1904 dunia ilikuwa na farasi wawili mashuhuri wa kuhesabu. Kwenye maonyesho ya St. Louis alikuwepo Beautiful Jim Key, aliyefundishwa na William Key, mganga wa mifugo aliyezaliwa utumwani Tennessee, ambaye kila mahali alitangaza kwamba hakutumia kitu ila wema. Mjini Berlin alikuwepo Hans wa Wilhelm von Osten, aliyegonga kwato idadi sahihi ya jibu la hesabu. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alichapisha maelezo ya siri ya Hans: farasi hakujua hesabu. Aligonga hadi muulizaji alipoinua kichwa kidogo sana bila mwenyewe kujua, ndipo akaacha.

Kisa hiki husimuliwa kama aibu ya von Osten. Kwa mfunzaji wa farasi ni jambo kubwa kupita hesabu yoyote. Mnyama anayeweza kusoma kuinuka kwa kichwa cha mtu asiyemfahamu hana haja ya kuvutwa mdomo kwa nguvu ya mikono miwili. Kama hasikii, tatizo si udogo wa ishara. Huenda ishara haina maana kwake, au ina maana nyingi, au haijawahi kuondolewa alipoitii. Hatamu inayovutwa muda wote, atii asitii, haina habari ndani yake.

Ranchi za magharibi

Katika ranchi za Marekani haraka ilikuwa na ujira wake. Wapo waliolipwa kwa kila farasi waliyemkalia hadi akaacha kuruka, na aliyelipwa hivyo hakuwa na sababu ya kungoja kesho. Kando yao uliishi utamaduni wa wachungaji wa California wenye asili ya Kihispania, ambao walimwanzisha farasi kwa hatamu ya puani isiyo na chuma na kumpa miaka kabla ya lijamu. Kutokana na mazingira hayo waliibuka Bill na Tom Dorrance, ndugu kutoka Oregon, na mfuasi wao Ray Hunt, aliyezungukia nchi akifundisha hadharani. Hunt alitoa kitabu chake mwaka 1978, Tom Dorrance cha kwake mwaka 1987. Wakati huo trekta na lori vilikwisha kuiondoa kazi mgongoni mwa farasi, na waliobaki naye walikuwa wengi wao watu wa burudani, wenye muda, na wenye hofu ya kuanguka. Muda wa ikulu ukawa umefika shambani.

Mwaka 1989 Monty Roberts wa California alialikwa Windsor na Malkia Elizabeth II, miaka 131 baada ya Rarey. Katika ua wa mviringo alimkimbiza farasi, kisha akageuza bega na kuacha kumkazia macho, na farasi akamfuata. Kwa maelezo yake, alizungumza lugha ya kundi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walijaribu jambo lilelile kwa kutumia kigari kinachoendeshwa kwa rimoti, ambacho hakina bega wala macho. Farasi walikifuata. Inaonekana kilichofundisha ni kukoma kwa kukimbizwa mara farasi anapogeuka. Hilo halimfanyi Roberts kuwa mwongo, kwani mbinu yake hutumika bila mikanda wala fimbo. Linatuonyesha tu kwamba maelezo ya kishairi yanaweza kubeba mbinu nzuri na mbaya kwa pamoja. Ukimkimbiza bila kujua ni lini uache, unachosha tu.

Tangu 2005

Kongamano la kwanza la sayansi ya upandaji lilifanyika Australia mwaka 2005, na chama cha kimataifa kikaundwa mwaka 2007. Kazi yake kubwa imekuwa kuweka kwa maneno makavu yale waliyoyanusa Xenophon na La Guérinière: ishara moja kwa jibu moja, shinikizo lianze kidogo, likome papo hapo, somo ligawanywe vipande, na mnyama asifundishwe akiwa amejaa hofu.

Wapo wanaosema ulaini huu hudekeza, na farasi aliyedeka huvunja mbavu za watu. Farasi aliyedeka kweli yupo, na ni hatari. Lakini ukimchunguza utaona alifunzwa kwa kanuni ileile, ila na mtu asiyejua kwamba anafundisha: alisukuma kwa bega, mtu akarudi nyuma, farasi akapata nafuu yake. Fimbo si tiba ya hilo. Tiba ni kuibadilisha nafuu ipatikane wapi. Pingamizi la pili, kwamba mashindano na kazi haviwezi kungoja, ndilo zito zaidi, na limejibiwa hadharani kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Katika pentathloni ya kisasa, mwanamichezo alipewa kwa kura farasi asiyemjua na dakika 20 za kuzoeana naye kabla ya kuruka viunzi. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, farasi aitwaye Saint Boy, aliyekwisha kugoma na mpandaji mwingine siku hiyo hiyo, aligoma tena chini ya Mjerumani aliyekuwa akiongoza. Mpandaji akilia alimchapa, na kocha kutoka pembeni akampiga ngumi, mbele ya kamera za dunia nzima. Kocha aliondolewa mashindanoni. Shirikisho la mchezo huo lingeweza kuongeza muda wa farasi na mtu kujuana. Badala yake liliamua Paris 2024 iwe mara ya mwisho, na Los Angeles 2028 wachezaji waruke vizuizi kwa miguu yao wenyewe.